Wageni Wasimame

Kanisa letu liko Magongo, nyuma ya gereji ya matrela, na kila Jumapili kuna dakika moja ambayo mimi huinamisha kichwa hata kama hainihusu. Ndugu Tinga, ambaye ndiye huongoza ibada, husimama mbele na kipaza sauti, aangalie huku na huku kama mtu anayetafuta kuku wake, kisha aseme, "Wageni wasimame!"

Kusimama tu hakutoshi. Mgeni lazima aseme jina lake, anakotoka, na kama ameokoka. Akisema ameokoka anapigiwa makofi. Akisema bado, anapigiwa makofi zaidi, halafu wamama wa maombi wanamzunguka, na baada ya ibada anapelekwa kwenye hema la wageni apewe chai na mandazi, na watu wawili wa kumuuliza maswali. Mimi nilisimamishwa nikiwa mdogo, nikalia mpaka nikapewa biskuti. Watu wa kanisa letu si wabaya. Wanapenda wageni kweli. Shida ni hiyohiyo.

Kitu kingine ni spika. Imefungwa juu ya mlango, na imegeukia nyumba ya Bi Jalila, ng'ambo ya kichochoro. Bi Jalila ni Mswahili wa hapahapa, amezaliwa Changamwe kabla ya gereji na kabla ya kanisa. Zamani tulikuwa wapangaji wake. Ameshakuja kulalamika kuhusu hiyo spika mara nyingi, na kila akija wanamkaribisha ndani, naye anasema, "Sikuja kuingia, nimekuja kuwaambia mpunguze."

Mama yangu ndiye mkubwa wa wahudumu wa mlangoni. Huvaa utepe wa zambarau begani, anashika mkono wa kila mtu anayeingia. Baba yangu haingii.

Tulipokuwa kwa Bi Jalila, hatukuwa watu wa kanisa sana. Krismasi, basi. Halafu kaka yangu Dancun, ambaye alikuwa na sikoseli, akazidiwa. Watu walikesha wakimuombea. Akafa. Siku ya mazishi mhubiri mmoja, si pasta wetu wa sasa, alisema kwamba wazazi wangekuwa na imani kubwa zaidi, mtoto angesimama. Mama alisikia hayo akaingia kanisani kuitafuta hiyo imani kubwa. Baba alisikia hayohayo akatoka. Tangu hapo mmoja yuko ndani, mwingine yuko nje, na mimi niko katikati nabeba salamu. Hata majina yalibadilika. Kanisani waliwaita Baba Jael na Mama Jael, kwa jina langu, ili wasikumbushwe. Ni Bi Jalila peke yake ambaye hakubadilisha.

Sasa mimi, ambaye siongei, nikapewa kusoma somo Jumapili ya vijana.

Nilimwambia baba asubuhi moja ametoka kazini. Yeye hupanga magunia ya chai ghalani, zamu ya usiku, na hurudi akinuka majani ya chai mpaka kwenye nywele. Chai yenyewe hanywi tena. Alikuwa anakula ugali wa jana polepole, macho yakifumba.

"Baba, Jumapili nitasoma mbele ya kanisa."

"Wewe?" Akafungua macho. "Wewe ambaye ukitumwa chumvi unarudi bila chumvi kwa sababu dukani kulikuwa na watu?"

"Ndiyo."

"Na ulikubali?"

"Ndugu Tinga aliniuliza nikashindwa kukataa."

"Kwa sababu kukataa pia ni kuongea." Akacheka kidogo, kisha akaacha. Alijua ninachotaka kabla sijasema. Nilipokuwa darasa la nne nilighani shairi shuleni, naye alikuja akasimama kwenye ua na nguo za kazi, na nilipomuona magoti yangu yaliacha kucheza. Toka siku hiyo, bila yeye sijawahi kusema kitu mbele za watu.

"Ukiwa umekaa pale sitatetemeka," nikasema. "Si lazima uombe. Ukae tu."

Alitafuna, akameza, akanawa mikono kwenye beseni. Nilidhani amekataa.

"Nitakuja," akasema. "Nitakaa nyuma. Ukimaliza kusoma naenda zangu kulala. Lakini Jael, nisisimamishwe."

"Hutasimamishwa."

"Sitaki kuulizwa kitu mbele ya watu. Nimechoka."

"Nitamwambia mama."

Mama nilimkuta anapiga utepe wake pasi. Nilipomwambia aliweka pasi pembeni, akakaa kitandani.

"Anakuja? Baba yako? Kwa miguu yake?"

"Lakini asisimamishwe, mama. Amesema."

"Nani atamsimamisha? Si mimi ndiye niko mlangoni?"

Alisema hivyo na nilimuamini. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka kama dirisha, na jioni hiyo akavaa leso akaenda kwa Mama Linda, kiongozi wa wamama wa maombi ya Jumatano. Alisema anaenda kushukuru tu.

Jumapili ilikuwa joto la kutoa watu roho. Baba alikuja moja kwa moja kutoka ghalani, ameoga kwenye bomba la kazini, amevaa shati alilokuwa amelibeba kwenye mfuko pamoja na mkebe wake wa chakula. Macho yalikuwa mekundu. Pale mlangoni mama alimshika mkono kama anavyowashika wengine wote.

"Karibu nyumbani mwa Bwana."

"Asante, mama," baba akasema. "Unakaa hapa hapa karibu?"

Mama akacheka. Baba naye akacheka. Mkono hawakuuachilia haraka. Nilisimama pale na shati langu jeupe la vijana nikafikiri, ikiishia hapa tu, mimi nimetosheka.

Haikuishia hapo. Mama Linda alitokea ndani mikono juu.

"Baba Jael! Haleluya! Ndiye huyu? Kumbe ni mfupi hivi!"

"Shikamoo mama," baba akasema, ingawa wanalingana.

"Tumekuombea mpaka magoti yameota sugu! Kila Jumatano, baba. Ile roho ya pombe leo imeshikwa."

"Pombe? Mimi sinywi pombe."

"Amina! Pokea hivyohivyo kwa imani!"

Mama mwingine akaja nyuma yake, akamshika baba bega. "Na yule wa Miritini umemuacha?"

"Nani wa Miritini?"

"Mungu ni mwema," yule mama akasema, akampigapiga bega.

Baba aligeuka kumtazama mama. Mama alikuwa anatazama sakafu. Najua yeye hakusema pombe wala Miritini. Yeye alisema tu, mniombee mume wangu, haji kanisani. Lakini maombi yale ni kila Jumatano, miaka yote hii, na mtu hawezi kuomba maneno yaleyale kila wiki. Mmoja aliongeza hiki, mwingine akaongeza kile, kama sufuria ya mchuzi jikoni kwa watu wengi, na mwishowe walikuwa wanamuombea mtu ambaye hatumjui.

Baba alikwenda akakaa kiti cha plastiki cha mwisho kabisa, karibu na ukuta. Akaweka mfuko miguuni. Mimi nilikaa mbele na vijana, nikigeuka kila mara. Alikuwa pale. Kwaya iliimba, alikuwa pale. Matangazo yakaanza, feni ikazunguka bila kuleta upepo, na nilipogeuka tena kidevu chake kilikuwa kimeshuka kifuani. Alikuwa amelala. Nikafurahi. Mtu aliyelala hawezi kusimamishwa.

"Wageni wasimame!"

Msichana mmoja kutoka Bamburi alisimama, akasema jina lake, akasema ameokoka. Makofi. Ndugu Tinga hakushusha kipaza sauti.

"Bado mmoja. Huyo hata jina tunalijua, si ndiyo, wamama?"

"Ndiyo!"

"Lakini naona shetani amempa mto na shuka." Watu wakacheka. "Jirani yake, mguse kidogo mwambie kumekucha!"

Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa mlangoni, anatikisa kichwa, ameinua mkono, anamwambia Tinga hapana, hapana. Tinga akadhani anampungia.

Jirani alimgusa baba. Sasa, kule ghalani msimamizi akikukuta umelala anakurudisha nyumbani, kwa hivyo wote wamejifunza kuamka na miguu kabla ya macho. Baba aliruka wima.

"Niko macho, bosi!"

Kanisa zima likacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, hata Pasta Nguma alicheka, na yeye ni mzee mpole. Lakini baba alisimama pale na alama ya kola shavuni, akiangalia watu, na nikaona anakumbuka yuko wapi. Kipaza sauti kikafika mbele ya mdomo wake.

"Tuambie, ndugu. Jina na wokovu!"

Alinitazama mimi. Mimi nilipaswa kusema kitu. Nilikuwa nimeahidi.

"Naitwa Kefa," baba akasema. "Nakaa hapa Magongo. Mimi siamini, na sitaki kuwadanganya ndani ya nyumba yenu. Nimekuja kumsikiliza mtoto wangu akisoma."

Hakuna aliyejua kama apige makofi. Pasta Nguma akasimama. "Ndugu yetu amesema ukweli wake," akasema, "na ukweli ni mwanzo. Tumnyooshee mikono."

Mikono yote ikanyooka kuelekea kiti cha mwisho. Nafikiri pasta alitaka hivyo tu, mikono, kimya. Lakini wamama wa Jumatano walikuwa wamengoja siku hii muda mrefu. Walimfikia kabla pasta hajafumba macho. Mama Linda alimwekea mkono kichwani, wengine mabegani, wakaanza kumsogeza mbele, "Mwachilie! Mwachilie leo!" na wengine wanalia kabisa, machozi ya kweli. Mfuko wa baba ulivutwa na mguu wa mtu. Mkebe ukaanguka ukabingirika kwenye saruji mpaka chini ya viti, na kelele yake ikawanyamazisha.

Baba aliinama. Akautafuta mkebe chini ya viti vya watu, akisema pole, pole, kila alipogusa mguu. Akaupata.

"Samahani," akasema. "Nimechoka."

Hakupiga kelele. Alitembea mpaka mlangoni. Pale alikuwepo mama, na utepe wake. Kazi ya mama ni kufungulia watu mlango. Akamfungulia.

Ndugu Tinga alikohoa kwenye kipaza sauti. "Basi, somo letu. Binti yetu Jael."

Sijui nilifikaje mbele. Karatasi yangu ilikuwa inacheza mpaka herufi zinapandana. Niliangalia kiti cha mwisho. Kilikuwa kimegeuka upande. Nyuma yangu kijana mmoja akanong'ona, "Jael, soma." Nilitaka kuketi palepale chini.

Halafu nikamuona mama. Hakuwa ananiangalia, alikuwa anaangalia nje, kichochoroni. Aliangalia kwa muda. Kisha akanigeukia, akaonyesha kidole kule nje, na akagusa sikio lake.

Nikaelewa. Na kule nje, juu ya mlango, ilikuwa ile spika.

Nilisogea karibu na kipaza sauti mpaka mdomo ukakigusa, nikasoma. Nilisoma kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Sikuwasomea waliokuwa ndani. Mwisho nilikimbia kidogo kwa sababu pumzi iliniishia, nikasema amina, nikarudi kukaa.

Ibada ilipoisha sikungoja. Nilivuka kichochoro. Baba alikuwa kwenye baraza la Bi Jalila, amelala ubavu juu ya mkeka, mfuko chini ya kichwa, viatu vimepangwa pembeni na mtu ambaye si yeye. Karibu yake kulikuwa na kikombe cha kahawa kitupu. Bi Jalila alikuwa amekaa anachambua mbaazi kwenye ungo.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Shusha sauti." Akanyooshea baba kidole. "Nilimuona yuwapita kama mtu alofiwa, nikamwita, nikamwambia ndoo hapa uketi. Hakusema neno. Uliposoma akanambia, 'Huyo ndiye wangu.' Akasikiza hata ukamaliza. Kisha huyoo, usingizi."

Mama alikuja nyuma yangu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kutoka hema la wageni, na mandazi mawili kwenye kisosi, kwa sababu mgeni lazima apewe. Alisimama navyo pale.

"Chai wampelekea nani?" Bi Jalila akamuuliza. "Na yeye chai yamtoka puani?"

Mama alikiinamia kikombe.

"Na nyinyi nanyi," Bi Jalila akaendelea, sauti ya chini lakini hakuacha, "mgeni mwamsimamisha, kwani yuwangojea basi? Kwetu mgeni aambiwa kitako."

"Bi Jalila, usinisemeshe. Leo hapana."

"Sikusemeshi. Hiyo chai nipe mimi basi. Haya, kitako nawe, Mama Dancun."

Mama alisikia hilo jina, akakaa. Alikaa kama mtu aliyekatwa kamba. Akavua utepe wa zambarau, akaukunja mara nyingi mpaka ukawa mdogo kama leso ya mkononi.

Tulikaa hivyo. Watu wa kanisa walipita, wengine wakatuangalia wakaangalia pembeni. Pasta Nguma alikuja peke yake akasimama mbele ya baraza, akakohoa ili aanze kusema.

"Pasta, karibu ukae," Bi Jalila akamwambia, "lakini usiseme kitu, wallahi. Mtu amelala."

Nilidhani ataondoka. Alikaa. Alikaa kwenye ngazi na Biblia yake magotini, akiangalia vile Bi Jalila anatoa mawe kwenye mbaazi. Baada ya muda akamgusa mama bega, akaondoka.

Trela moja ilipiga honi barabarani. Baba akashtuka, mguu tayari umetafuta chini. "Niko—"

Mama akamwekea mkono gotini. "Kaa," akasema. "Hakuna mtu. Kaa tu."

Akakaa. Akajipangusa uso. Akaniona.

"Ulisoma vizuri. Mwisho ulikimbia."

"Niliogopa."

"Nilijua."

Mama alikuwa bado anakunja ule utepe. "Baba Jael, mimi sikuwaambia mambo ya pombe."

"Najua."

"Wala ya Miritini. Miritini mimi mwenyewe simjui mtu."

"Najua, mama." Alivaa viatu polepole, kimoja, akapumzika, kingine. "Lakini jina langu limezunguka Magongo mpaka limekuwa la mtu mwingine. Ukitaka kuniombea, niombee. Sikatazi. Lakini wewe, peke yako. Usinipeleke kwa kundi."

Mama akautia utepe mfukoni. Tulirudi nyumbani, jua la saa saba kichwani, baba mbele na mkebe wake.

Jumatano iliyofuata maombi yalikuwa kwetu, maana yalikuwa yameanza kuzunguka nyumba kwa zamu. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo mimi ndiye nilipika chai. Chumba chetu ni kimoja, kimegawanywa na pazia, na nyuma ya pazia baba alikuwa amelala, maana usiku alikuwa ghalani. Wamama walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ndoo za maji. Mama Linda akauliza majina ya kuombea. Mtoto wa fulani, mguu. Mume wa fulani, kazi. Dada wa fulani yuko Saudia, simu haishiki. Kila mtu alitaja lake.

"Na Baba Jael," Mama Linda akasema. "Hasa huyo. Baada ya yale ya Jumapili, mimi naona tufunge kabisa. Mama Jael, tuongoze."

Nilikuwa nimeshika sinia. Sikuweza kuliweka wala kuendelea nalo. Nilimtazama mama. Alikuwa amepiga magoti tayari, mikono imeshikana, na alikaa kimya mpaka mmoja akafungua jicho kuona kuna nini. Najua alivyotamani. Hilo ndilo ombi alilolileta kila Jumatano miaka yote hii, na kuliombea peke yako, usiku, bila mtu wa kusema amina, si kazi ndogo.

"Baba Jael amelala," mama akasema. "Tuombe polepole."

"Lakini jina lake si tulitaje tu—"

"Mama Linda. Amelala."

Wakaangaliana. Kisha Mama Linda, ambaye sauti yake hufika mpaka stendi, akafumba macho akaanza kunong'ona, na wengine wote wakanong'ona, mguu wa mtoto, kazi, Saudia. Nyuma ya pazia baba alijigeuza, kitanda kikalia, kikanyamaza.